Kibuyu cha Maziwa

Nimenunua kibuyu cha maziwa kwenye soko la Bunia, ambalo siku hizi linafungwa mapema ingawa bunduki zimenyamaza. Nilipokifungua, harufu ya moshi uliokisafisha ilinirudisha jikoni kwa bibi yangu, aliyevuka ziwa akiwa msichana na kushukia Kasenyi, upande wetu huu. Alitikisa maziwa yatoe siagi, na kwa kila mtikiso alitaja babu mmoja wa ng'ambo.

“Fuata nyuma yangu, mutoto,” bibi aliniambia, akitaka nirudie kila jina.

“Koko,” nilimwita bibi, “hayo majina haiko mu egzamen ya shule.”

Alicheka. “Haya, profesa. Siku moja watakuuliza weye ni wa nani. Utawaonyesha buletini ya alama zako?”

Nilifuata majina matano, kisha nikakimbilia mpira.

Leo nina diploma mbili ukutani na nyumba niliyoijenga kwa jasho langu. Mtaa mzima hakuna anayenifikia kwa kusoma. Nimechora ukoo wetu kwenye karatasi kubwa: majina matano, na aliyejua mengine tulishamzika.

Kutikisa maziwa ni kazi ya wanawake, kwa hiyo nimefunga mlango. Natikisa, kila mtikiso jina moja. Hadi jina la tano mkono unakwenda vizuri. Zamu ya la sita inapofika, mkono unasimama.