Rubani Hafi Kwenye Kiti Hiki

Kinyozi wetu hunyoa kwa mkono mmoja na kurusha vyombo vya anga kwa mwingine. Akisimulia zile filamu zake za wachawi na vita vya sayari, huizima mashine kila mambo yanapochacha, na mteja hubaki na kichwa nusu msitu, nusu uwanja, asithubutu kuinuka. Jana alikwenda kuitazama sehemu mpya ya filamu ya rubani mzee, kipenzi chake kuliko wote. Leo alifungua saluni, akakipangusa kiti ambacho hakikuwa na vumbi, kisha akaanza kwa sauti yake ileile ya uhakika: rubani mzee kazingirwa, chombo kinawaka moto, na huyo, anachomoka upande wa pili wa jua akicheka!

Mwalimu aliyekuwa ananyolewa akageuka. "Fundi, hata mimi niliiona jana. Si rubani aliungua palepale?"

Kinyozi akamshika utosi, akamrudisha taratibu atazame mbele. "Uliondoka mapema, mwalimu."

Mle kiooni mwalimu akayaona macho ya kinyozi, mekundu kama ya mfiwa.

"Kweli bwana, niliondoka mapema. Ehe, kachomoka. Halafu?"

Kinyozi akaizima mashine.