Firigisi ya Mzee Bwire

Dorah Abbo anauza mabeseni, majagi na ndoo za plastiki katika soko la Busia, upande wa Uganda, na wateja wake wanamjua kwa jambo moja: hajawahi kumwambia mtu kwamba kitu hakipo. Ukimwuliza beseni jekundu naye ana ya bluu tu, atakuketisha, atakuuliza habari za watoto, kisha atapenya nyuma ya vibanda na kuazima jekundu kwa mwenzake. Atarudi akilipangusa vumbi kana kwamba limelala kwake tangu mwaka jana. Alizaliwa Iyolwa, akaolewa Busia na Mangeni, fundi wa pikipiki, na tabia hiyo aliingia nayo kwenye ndoa.

Nyumbani kwa wakwe zake Krismasi ina sheria moja. Jogoo mkubwa hupikwa peke yake kwa ajili ya Mzee Bwire, baba yake Mangeni, na firigisi ya jogoo huyo Mzee huila mbele ya ukoo wote. Kabla hajaimeza, hakuna mkono unaogusa chakula. Watu hutoka kanisani na njaa yao, wa Busia hii na wa Busia ya Kenya, wanajipanga uani na kumtazama mzee mmoja akitafuna. Mwaka huo, kwa mara ya kwanza, zamu ya kumpika jogoo ilimwangukia Dorah.

Alimpika kwa namna ya kwao, katika mchuzi wa karanga na simsim, mzito hata nyama ikizama huioni tena. Firigisi aliichemsha kando katika sufuria ndogo ili isivunjike. Akatoka kidogo kusaidia kusonga ugali wa muhogo uliokuwa ukiwashinda wenzake. Aliporudi, kifuniko kilikuwa mahali pake, supu ilikuwemo, firigisi haikuwemo.

Alitazama chini ya jiko. Alitazama nyuma ya mtungi. Alimtazama paka, naye paka alikuwa amelala, tumbo limebonyea kwa njaa. Mwingine angepiga kelele. Dorah alijifunga kitenge akapita migombani mpaka kwa jirani, Roselyn. Mumewe Roselyn, Eriku, alikuwa amekwenda Molo ya Uganda kumsalimia mama yake na hakutarajiwa kabla ya jioni, kwa hiyo firigisi yake ilikuwa chunguni ikimsubiri. Dorah aliiomba kama mtu anavyoomba chumvi, akaahidi kuleta nyingine kabla mwenyewe hajafika. Roselyn akampa ndani ya kikombe, kimefunikwa kwa jani la mgomba.

Aliitia katika bakuli la Mzee, akamwaga mchuzi juu yake, akafunika. Kisha akaenda kuoga na kuvaa gomesi yake, moyo umetulia.

Alilokuja kuambiwa baadaye ni kwamba mdomo wake ulikuwa umefungwa lakini uso wake ulikuwa wazi. Wifi yake, Barbara, alikuwa amemwona akichungulia chini ya jiko, akafunua sufuria ndogo, akaelewa. Ili kumsitiri, alichukua firigisi moja kutoka kwa kuku wa wageni akaizamisha katika bakuli la Mzee. Mama mkwe, Mama Taaka, naye aliikuta sufuria ina supu tupu. Alikwenda nyuma ya ghala akamchinja kuku wake anayetaga, akachemsha alichokitaka, akakizamisha. Naye Mangeni alipomwona mke wake akitoka migombani na ule uso wake wa sokoni, alichungulia jikoni, akawasha pikipiki, akavuka kwenda Kenya, ambako kando ya barabara firigisi huchomwa kwenye vijiti. Akanunua kijiti kizima, asije akapungukiwa. Wakati wa kurudi, ofisa mpakani alimwuliza amebeba nini. Mangeni akajibu firigisi. Ofisa akataka kujua kama ni za biashara au za kutumia nyumbani. Mangeni akasema ni za kusitiri mke. Ofisa alifikiri kidogo, kisha akampisha.

Zote zikaingia katika mchuzi uleule, na hakuna aliyekoroga.

Wakati ulipofika, Dorah alipiga magoti, akamnawisha Mzee Bwire mikono, akafunua bakuli. Mzee alizamisha tonge, akaibuka na firigisi, akaiweka mdomoni. Akatafuna, akameza. Watu wakashusha pumzi, mikono ikaanza kuelekea kwenye sahani, na tonge la pili la Mzee likaibuka na firigisi.

Mikono ikarudi mapajani.

Dorah alidhani ile ya kwanza ilikatika vipande wakati wa kupikwa. Ilipoibuka ya tatu, nzima na ya mviringo, jasho lilimtoka chini ya gomesi. Ya nne ilikuwa na pilipili na harufu ya mkaa. Hakuthubutu kumtazama mtu. Alitazama miguu ya kiti cha Mzee.

Oguttu, mdogo wake Mzee, ambaye kanisani kwao ng'ambo ya pili ndiye mwenyekiti wa kila kamati, alisimama kutoa mwongozo. Alisema sheria inataka firigisi imezwe, haikusema ipi, kwa hiyo hapana budi kungoja mpaka ziishe. Kisha akaomba, kama haitakuwa vibaya, apewe mbegu ya jogoo yule akafuge kwake. Aliambiwa kwamba jogoo mwenyewe ndiye yule bakulini. Akaketi, bado anasikitika.

Mzee aliendelea kutafuna. Hakuuliza chochote, na hilo ndilo lililomtisha Dorah zaidi. Wali ulipoa. Mtoto mmoja alilia akabebwa akapelekwa nje. Zilipobaki mbili, Roselyn alitokea langoni akihema. Aliwasalimia wote kama inavyopasa, akamtakia Mzee Krismasi njema, kisha akamwinamia Dorah na kumnong'oneza. Lakini palikuwa kimya mno, na kila mtu alisikia: Eriku amerudi mapema, tayari amenawa mikono, anaomba firigisi yake.

"Haipo," alisema Dorah. Neno lile lilimtoka kwa shida, kama mtu anayejaribu lugha ya watu wengine. "Haipo, Roselyn. Naona Baba ameshaila."

Basi ikabidi aseme yote. Alipomaliza, Barbara akakiri kwamba na yake imo humo. Mama Taaka akasema na ya kuku wake anayetaga. Mangeni akainua kijiti kitupu. Likabaki swali ambalo hakuna aliyetaka kuliuliza, la ile ya jogoo mwenyewe. Mzee Bwire aliweka tonge chini.

"Ile nilikula mimi," alisema. "Nilipita jikoni nikaikuta moto. Nikala nimesimama, hakuna mtu ananitazama mdomo. Miaka yote hii sikujua kama ni tamu."

Kwa watu wa pale, mzee kuingia jikoni kwa mke wa mwanawe si jambo dogo. Oguttu akasimama tena. Akaamua kwamba Mzee atamlipa mkwewe faini ya kuku mmoja, na firigisi ya kuku huyo italiwa na, hapo akakwama, maana firigisi ya nyumba ile ni ya Mzee, na Mzee ndiye mkosaji. Alifikiri mdomo ukiwa wazi. Mzee alishika tumbo akasema mtu akilitaja neno lile tena leo, yeye anahamia Kenya.

Dorah alijaribu kujizuia, akaona mabega ya Mama Taaka yanatikisika, akashindwa. Alicheka huku amepiga magoti, kichwa karibu kiguse bakuli, na uani wote ukacheka naye.

Zile mbili zilizobaki alizitia kikombeni akampa Roselyn. Roselyn alizichungulia, akasema kwa adabu kwamba yake ilikuwa ya bata. Mzee akasema basi ndiyo ile iliyobishana na meno yake. Hata hivyo Roselyn alizichukua akakimbia, na mchana ule Eriku alikula firigisi mbili kutoka kwa bata mmoja. Jumapili iliyofuata alisimama kanisani kutoa shukrani.

Watu wakala, chakula kikiwa baridi, na hakuna aliyelalamika. Mzee peke yake hakuweza hata kijiko cha wali. Alitandikiwa mkeka, akalala chali akipumua taratibu.

Siku chache baadaye kikao cha ukoo kilikubaliana kwamba kuanzia Mwaka Mpya Mzee atapelekewa firigisi chumbani, ale peke yake, bila macho ya mtu. Dorah ndiye aliyempelekea siku hiyo, ikitoka mvuke, akaufunga mlango akarudi uani. Ukoo wote ulikuwa umesogea karibu na mlango, umesimama kimya, umetega masikio kusikia kama ameshameza.

"Bado natafuna," Mzee alisema kutoka ndani.