Mwito wa Kulwa Ukumbini Katoro

Niliondoka Dar es Salaam kwa sababu ya wimbo mmoja. Mtunzi wa okestra yetu alikuwa amewarekodi wachimbaji wa Katoro wakiimba, akautengenezea muziki wa fidla na tarumbeta. Mimi mpiga fidla kubwa nikapewa sauti ya kiongozi wao, nikatamba nayo wiki nzima.

Shinyanga, kituo cha kwanza cha ziara yetu, tulishangiliwa sana. Kutoka Kahama hadi Ushirombo nilisinzia tu ndani ya basi.

Katoro nilipokewa na Mama Kulwa.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Ndiyo wewe umekuja na sauti ya Kulwa wangu?”

Akanieleza yaliyompata. Kumbe Kulwa ndiye kiongozi yule, na alifukiwa ndani ya duara, shimo la dhahabu, baada ya kurekodiwa. Kule aliye chini huita kwa wimbo na walio juu humjibu, ili kila upande ujue mwenzake ni mzima. Siku ile Kulwa aliita, udongo ukaporomoka kabla hajajibiwa. Tangu hapo Doto, pacha wake, husema anamsikia akiita, na watu wameshamvuta kutoka mdomoni mwa duara akitaka kumfuata.

“Akiita, lazima ajibiwe,” mama akaniambia. “La sivyo Doto naye ataniacha.”

Nota zetu ziliishia kwenye mwito. Nilimsihi mtunzi aongeze jibu, akakataa. Alipenda ule ukimya.

Jioni, ukumbini, nilipiga mwito wa mwisho. Hakuna aliyepiga makofi. Doto akainuka, macho yametulia kama ya mtu aliyelala, akaelekea mlangoni. Ndipo nikausikia mwito uleule nje, upande wa maduara. Upinde wangu ulikuwa sakafuni. Niliogopa, sifichi.

“Mjibuni!” Mama Kulwa akapaza sauti. “Mjibuni mwanangu!”

Ukumbi mzima ukajibu: wachimbaji, wenye maduka, hata wapiga tarumbeta wetu. Doto akasimama kizingitini, naye akajibu, kisha akaketi palepale akalia. Nje kukawa kimya.

Asubuhi Doto alinibebea fidla mpaka stendi. Ndani ya basi mtunzi aliandika jibu kwenye nota bila kuambiwa na mtu.

Nilichojifunza ni kwamba wimbo wa watu una kazi yake, na ukiubeba unabeba na kazi hiyo. Sasa kila tunapoupiga tunamalizia kwa kuimba jibu hilo wote. Wenzangu hufunga vyombo vyao mara moja. Mimi hubaki kidogo, nikisikiliza nje.