Matanga ya Filamu

Wanafunzi wa chuo kutoka Njoro walipokuja mtaani kwetu Free Area kuomba nyumba ya kurekodia filamu, niliwauliza inahusu nini. Wakasema ni mpelelezi anayemsaka mtu anayeua vijana mmoja baada ya mwingine. Nikatarajia mbio na bastola. Wapi! Mpelelezi wao alishinda akitembea kinyumenyume kwenye korido yangu huku taa zikiwashwa na kuzimwa, eti ndivyo mawazo yake yanavyorudi nyuma. Mwongozaji, kijana mpole mwenye miwani, alinieleza kwamba muuaji hatapatikana kamwe.

"Hiyo hata polisi wetu wanaiweza," nikamwambia. Alicheka. Dada yangu hakucheka.

Dada ndiye aliyepewa nafasi ya kuigiza mama wa mmoja wa vijana waliouawa. Nilimkataza. Mwanawe mwenyewe aliuawa miaka michache iliyopita, na aliyemuua hajulikani mpaka leo. Uvumi ulienea kwamba kijana alikuwa mwizi, basi majirani wakaogopa kuonekana kwetu. Matanga tulikaa sisi wawili tu. Niliwachukia watu wa mtaa huu, na sioni haya kusema. Lakini dada aliitaka kazi ile, na yeye akishikilia jambo, utachoka wewe.

Mama wa kwenye filamu alitakiwa akae peke yake chini ya tenti, katikati ya viti vitupu, mpelelezi akimtazama kwa mbali. Asubuhi tenti ikasimamishwa uani na viti vya plastiki vikapangwa. Hakuna aliyekumbuka kwamba kwetu tenti na viti ni tangazo tosha la msiba.

Kamera ilikuwa tayari inarekodi geti lilipofunguliwa. Wakaingia akina mama wa mtaa, leso mabegani, huyu na maziwa, yule na sukari. Mwongozaji akashika kichwa. Mimi damu ilinichemka: kumbe njia ya kuja kwetu wanaijua! Nikatoka niwatimue.

Jirani wa mlango wa pili alikuwa ameshafika kwa dada na kumshika mikono.

"Pole sana, mama. Tumeona tenti. Nani ametuacha?"

Nilingoja dada aseme ni filamu tu. Alimtazama yule mama usoni.

"Ni kijana wangu," akasema.

Jirani alielewa. Nilimwona akielewa, maana alishindwa kumtazama tena. Alivuta kiti akaketi karibu naye, na wenzake nao wakavuta viti, bila kuulizana. Mwongozaji akazima kamera bila kuambiwa. Hasira yangu sikujua niipeleke wapi, nikabaki nimesimama pale nikilia.

"Tulikosea, mama," jirani akasema. "Tuliogopa maneno ya watu."

"Kaeni," dada akajibu. "Niwaambie alikuwa mtoto wa aina gani."