Chai Mbele ya Injini

Cheni ya kunyanyulia injini ilikatika kwa mlio mmoja mkali, kisha ikaja harufu ya oili sakafuni. Injini ya silinda nane, ile kubwa, ilituangukia, ikamuua Mutua, mwenzangu wa chumba kimoja kule kambi ya wafanyakazi ya Muhaisnah, na mimi ikanichukulia mkono wa kushoto. Ilikuwa gereji moja karibu na Al Barsha, Dubai, miaka ile ya baada ya elfu mbili na kumi, matajiri walipokuwa wakifufua magari ya zamani ya Kimarekani.

Injini yenyewe siichukii. Niliipenda nikiwa mtoto, Shimanzi, Mombasa, shule nimeshaiacha, msimu wa mvua ambao tajiri mmoja wa kahawa alileta gari la aina hiyo hiyo kwenye gereji ya baba. Baba alinieleza kwamba mnunuzi alikuwa akijichagulia moyo wa gari kiwandani: silinda sita kwa mtu wa kwenda sokoni, nane ndogo kwa mwenye haraka, nane kubwa kwa mwenye kiburi. Hili lilikuwa na sita. "Mwili wa simba, kifua cha paka," baba akacheka. Tajiri akaagiza nane kubwa. Ilipofika nilizunguka lile dude la chuma kama watu wanavyomzunguka bibi harusi, jeusi, pana, linanukia grisi mpya. Baba aliinyanyua kwa cheni shubiri moja tu kutoka chini, akaagiza chai. "Tunywe. Ikitaka kukatika, ikatike sasa." Tukanywa polepole, tumekaa mbali, tunaitazama ikining'inia. Ndipo akaipandisha. Siku ilipowaka, vikombe vilitetemeka mezani, na ule mngurumo niliusikia tumboni kabla ya masikioni. Sijasikia tena kitu kitamu hivyo.

Dubai nako tulikuwa tunatoa sita, tunaweka nane kubwa. Fomeni wetu, Kombo Haji, akaleta cheni ileile kuukuu iliyotoa sita. Nikamwambia, "Bosi, injini hii ni nzito zaidi. Iache ining'inie kidogo, tunywe chai."

"Huyu mzee kila saa chai," akasema mbele ya watu. "Arbab mwenye gereji anangoja nje. Yalla, pandisha."

Mutua naye akanitania, "Mzee, sukari utaitia kwenye kabureta?" Tukacheka. Injini ikapanda, tukaingia chini yake kuielekeza.

Kombo aliwaambia askari kwamba sisi ndio tuliosimama vibaya. Arbab akaacha iwe hivyo. Mimi nikarudishwa nyumbani. Siku hizi vijana wa mtaa huniletea simu zao nisikilize milio ya magari, na bado nazitambua injini zote, sita, nane ndogo, nane kubwa. Gereji ya baba ilikuwa mabati matupu, mvua inaingia, na kila mtu alirudi kwake mzima. Ile ya Dubai, sakafu iling'aa kama sahani. Kombo Haji, najua uko hai. Mama yake Mutua yuko Machakos. Nenda ukamwambie kwa mdomo wako ni nani aliyekataa chai.