Sadini Waliokuja kwa Ndege

Kaunta ya samaki ya supamaketi yetu, kule Abu Hamour mjini Doha, mwanamke ni mimi peke yangu. Wateja wengine hunitazama mara mbili, Mwafrika ndani ya gambuti na aproni ya plastiki, anamtoa chewa matumbo huku akiuliza kama kichwa kitupwe au kifungwe. Nimezoea. Mimi ni mtu wa Likoni, na mama yangu alikuwa akikaanga samaki na kuuza karibu na feri tangu sijajua kutembea. Kama kuna mtu aliyechoka na harufu ya samaki kabla hata ya kuajiriwa, ni mimi. Wakala aliniambia nakuja Doha kufanya kazi ya ofisi, lakini hayo tuyaache.

Aliyenifundisha kazi ni mwanamume mmoja wa Kerala, pwani ya kusini mwa India, ambaye sote tulimwita chetta. Kwao ndivyo anavyoitwa kaka mkubwa, na yeye alikuwa mkubwa kuliko sote pale. Tulizungumza Kiingereza cha kuokoteza na Kiarabu cha dukani. Mimi aliniita dada, neno nililomfundisha wiki ya kwanza kwa sababu alikuwa ananiita "sista" kama vile mimi ni muuguzi.

Chetta alikuwa mtu wa mambo yake. Asubuhi makreti yakishuka kwenye lori, hakugusa nguru wala jodari. Alikwenda moja kwa moja kwa sadini, wale samaki wadogo wa fedha ambao kwao huitwa mathi, akamchukua mmoja na kumbonyeza tumbo kwa kidole gumba. Alikuwa anatafuta mafuta. Sadini wa kwao, alisema, msimu wake ukifika hunona mpaka ukimkaanga huhitaji kuongeza mafuta kikaangoni. Kisha alimrudisha kwenye barafu na kusema neno moja: "Omani." Kwa maana sadini wetu wote siku hizi hutoka Omani, warefu na wakavu, hata wale wanaonunuliwa na watu wa Kerala wenyewe.

Na watu wa Kerala hawaishi kuuliza. Kuna mama mmoja mzee anayekaa na mwanawe karibu na hapo, kila Ijumaa lazima aulize kama mathi ni wa nyumbani. Chetta angeweza kumdanganya auze haraka, lakini alimjibu vilevile kila wiki: wa Omani, amma, yaani mama. Mama alisonya, halafu akanunua. Mimi nilikuwa nacheka pembeni. Niliwaona wote wawili wasumbufu.

Kidogo kidogo nikajua kwa nini jambo hilo lilimkaa rohoni. Chetta na mdogo wake walikuwa na mashua ya faiba ya pamoja. Mshahara wa chetta ndio ulioinunua na kuinunulia injini, na mdogo wake ndiye aliyekuwa akienda nayo baharini. Zamani, aliniambia, mathi walikuwa wengi kiasi kwamba waliokosa mnunuzi walifukiwa chini ya minazi kuwa mbolea. Halafu mwaka mmoja hawakuja. Mwaka uliofuata nao hawakuja. Wengine walisema maji yamekuwa ya moto, wengine wakalaumu meli kubwa, wengine mvua iliyopoteza adabu zake. Nyavu zilitoka na viwavi bahari, au na bunju, wale samaki wanaojivimbisha, ambao meno yao hukata nyavu. Mdogo wake akawa mshona nyavu zaidi kuliko mvuvi. Nyumba mbili zikawa zinakula mshahara mmoja, huu wa kupaa samaki Abu Hamour.

Kisha mathi wakarudi. Nilioneshwa mwenyewe kwenye simu: ufuo, watu wamejazana, na wavu unameremeta. Lakini walikuwa wadogo kama kidole changu cha mwisho, na wembamba. Serikali yao imekataza kuwavua wakiwa wadogo hivyo, na anayekamatwa nao hutozwa faini. Chetta aliitazama video ile mara nyingi. Baada ya miezi kadhaa mdogo wake akapiga simu akiwa na furaha. Safari hii wamekua, alisema. Mashua inajaa. Rudi nyumbani tufanye kazi pamoja, mama naye anakuulizia kila siku.

Chetta akaandika barua ya kuacha kazi.

Sijawahi kumwona mtu akibadilika vile. Alianza kupiga mluzi kazini. Akanipa kisu chake, kisu chembamba cha kwao alichokinoa miaka mingi mpaka bapa lake likabaki nusu, na mpini wake ameufunga kwa utepe wa mafundi umeme. Nilikuwa nimekitamani kisu kile tangu siku ya kwanza. "Huko mimi sitapaa," aliniambia. "Nitavua. Kupaa ni kazi ya mke wangu." Nikamwambia mke wake ana pole zangu.

Wiki tatu kabla ya safari, jirani yao mmoja alirejea Doha kutoka likizo. Watu wa Kerala wana desturi yao ya katoni: mtu akija Ghuba lazima abebe vya watu wengine, achari, chipsi za ndizi, samaki wa kukaanga, vyote vimefungwa kwa kamba na jina la mwenyewe limeandikwa kila upande. Sisi pia hutumiana unga na majani ya chai, lakini wenzetu wamefanya kuwa fani. Katika katoni ya chetta kulikuwa na mathi waliokaangwa, wamefungwa kwa majani ya mgomba ndani ya gazeti. Mdogo wake alisema kwenye simu: ni wa mashua yetu, uwale na wenzio.

Akawaleta kazini. Saa ya chakula tukakaa chumba cha kubadilishia nguo, mimi na yeye, wenzetu wawili wakiwa kwenye kaunta. Akafungua majani taratibu. Harufu ya pilipili na bizari ikajaa chumba kizima, na kwa mara ya kwanza tangu nifike nchi hii nikaona njaa ya samaki. Nikamchukua mmoja.

Nilijua tangu nilipomshika. Alikuwa mrefu kuliko kiganja changu. Nilipompasua, nyama ilivunjika vipande vipande na kuuacha mwiba mtupu, kama inavyofanya nyama iliyolala kwenye barafu la friza muda mrefu. Tumbo halikuwa na hata tone la mafuta. Nilikuwa nimepaa samaki wa aina ile asubuhi ile ile, kreti mbili. Nikamtazama chetta. Naye alikuwa amempasua wake, anamgeuzageuza chini ya taa.

"Omani," akasema.

Fikiria: samaki amevuliwa Omani, akagandishwa, akapelekwa India, akanunuliwa sokoni, akakaangwa na shemeji wa chetta, akapandishwa ndege mpaka Ghuba, akamfikia mtu ambaye kazi yake kutwa nzima ni kumpaa samaki huyo huyo. Kama lingekuwa jambo la mtu mwingine ningecheka hadi machozi. Halikunichekesha. Nilikasirika na mdogo wake nisiyemjua.

"Kwa nini akudanganye?" nikamuuliza.

Chetta alikuwa anakula. Alikula samaki mzima, mpaka mkia. "Hajanidanganya kwa ubaya," alisema. "Mashua haina kitu, naye amechoka kuwa peke yake pale."

Alikula wote, isipokuwa wawili niliokula mimi, maana alinilazimisha. Kisha akanawa mikono akaenda kwa msimamizi wetu kuomba barua yake irudishwe. Msimamizi hakufurahi. Mtu wa kuchukua nafasi yake alikuwa ameshatafutwa. Akasema atajaribu, na jioni akaja na jibu: abaki, ila likizo ya mwaka huu asahau. Chetta akashukuru. Alishukuru kwa adabu mpaka nikageuka upande mwingine.

Tulipotoka zamu alipiga simu nyuma ya duka, karibu na mlango wa malori, wakati tunasubiri basi la kampuni. Mimi nilikuwa nakunywa chai ya karaki, ile ya maziwa na iliki. Kilugha chao sikijui hata kidogo, ila sauti ya mtu anayesifu chakula naijua, na nilimsikia akisifu. Simu ilikuwa fupi. Alipomaliza alikaa ukingoni mwa saruji kando yangu.

"Nimemwambia mathi walikuwa watamu," akasema. "Nimemwambia kampuni imenizuia kuondoka."

"Akasemaje?"

"Amesema sawa." Akaifuta simu kwa pindo la shati. "Kila nikiahirisha safari huniuliza kwa nini, tunagombana. Leo hakuuliza."

Basi likaja tukapanda. Yeye alishuka kwenye makazi ya kampuni, mimi nikaendelea mpaka mtaa wa Najma ninakolala. Usiku ule nilikinoa kile kisu, japo hakikuhitaji.

Asubuhi nilikiweka juu ya ubao wake kabla hajafika. Siwezi kusema uongo, kilinitoka kwa shida. Chetta alikikuta, akakijaribu kwa kidole gumba, akaniambia nimekiharibu makali. Nikamwambia anishukuru sikukiuza. Makreti yalikuwa yanashuka. Alikwenda kwa sadini, akambonyeza mmoja tumbo, akamrudisha.

Ilikuwa Ijumaa, na yule mama mzee alikuja. Akauliza swali lake. Wa Omani, amma, chetta akamjibu. Mama akasonya, akasema mbona jamaa zake wanampigia simu kwamba mathi wamerudi nyumbani, wamejaa tele, kwa nini basi hawaletwi huku? Waliongea kwa lugha yao, na baadaye ndipo chetta aliponieleza walichosema, nilipomuuliza kwa nini mama aliondoka kimya bila kugombana.

"Nimemwambia ni kweli wamerudi," alisema, kisu kikiendelea kwenda. "Lakini ni wadogo. Inabidi tusubiri wakue."

Sikumuuliza itachukua muda gani. Mteja mwingine alikuwa ameshafika, anataka kamba wamenywe.