Misalaba ya Penseli

Kila Ijumaa asubuhi Dobrila Pantić alipanda ngazi za jengo la ghorofa sita kando ya mto Ibar, kukusanya fomu. Fomu hiyo aliitunga mwenyewe, miaka mitatu iliyopita, kampuni ya ujenzi ilipomwajiri kupima utendaji wa timu zake. Maswali kumi na moja, alama mia. Aliitunga kwa nia njema. Aliamini kampuni ikiyaona makosa yake itajirekebisha.

Fundi Sveta, msimamizi wa timu ya vigae, alikuwa amechuchumaa bafuni, akigonga ukuta kwa mpini wa nyundo. Kigae kilichoshika hutoa sauti nzito. Kisichoshika hulia kama kibuyu kitupu. Hicho alikitia msalaba wa penseli, kikabanduliwa na kupigwa upya.

"Wiki hii vingapi, fundi?"

"Kumi na saba. Andika."

"Kumi na saba! Timu ya Miodrag wameandika viwili."

"Miodrag masikio yake yalibaki jeshini." Mafundi wake wakaangua kicheko. "Kaa unywe kahawa, mwanangu. Umekondeana kwa kuhesabu vya wenzio."

Dobrila hakukaa. "Nisikilize. Kila kigae unachorudia kinakukata alama. Timu yenye chini ya sitini mwisho wa mwezi inavunjwa, na wewe una hamsini na nne. Andika vitatu tu, nakuomba. Si umeshavirekebisha? Hii ni karatasi tu."

"Kama ni karatasi tu, mbona unanibembeleza?"

Mzee alibakiza miaka miwili astaafu.

"Zamani," Sveta akasema, akijifuta vumbi kwenye shati lililochakaa kola, "aliyetupima ni mwenye nyumba. Paa likisimama, anatundika mashati juu kwenye boriti, kila fundi na lake. Kazi yako ikiwa mbovu unatundikiwa taulo, kijiji kizima kinaliona. Shati hili nilipewa na mjane mmoja kule Ušće. Hakunijazisha fomu."

Jumatatu Dobrila aliingia kwa mkurugenzi, Radenko, na karatasi mbili alizokesha akiziandika. Aliomba kosa linalogunduliwa na kurekebishwa na fundi mwenyewe limwongezee alama badala ya kumpunguzia.

Radenko alizisoma zote mbili. Hakuwa mtu mbaya. "Una hoja, Dobrila. Lakini wakaguzi wa mji mkuu, Belgrade, wanatulinganisha na kampuni nyingine kwa fomu hii hii. Tukiibadilisha katikati ya mwaka, tunaondolewa kwenye orodha, na tukiondolewa hatupati zabuni."

"Fomu ina makosa, bosi."

"Fomu ni yako, dada."

Mwisho wa mwezi timu ilivunjwa. Sveta alipelekwa ghalani kugawa kofia za kazi. Dobrila alipokwenda kumwomba radhi, alimkuta akizipanga kwa rangi.

"Usilie, mwanangu, utazilowesha," Sveta alimwambia. Kisha akatoa penseli yake sikioni akampa. "Huku sina cha kutia msalaba."

Vigae vya ghorofa zilizobaki vilichukuliwa na Miodrag. Wiki ya kwanza aliandika kimoja, ya pili sifuri. Radenko alimpongeza Dobrila mbele ya ofisi nzima. Watu wakapiga makofi, akapewa sanduku la chokoleti.

Alhamisi, mafundi walipokwenda kula, alipanda peke yake hadi bafu la ghorofa ya nne. Hakuwa na nyundo, akagonga kwa vifundo vya vidole. Nzito. Nzito. Tupu. Alikwenda ukuta hadi ukuta, na kila palipolia utupu akatia msalaba. Tisa. Kimoja kilikuwa juu ya beseni, mahali mtoto angeinamisha kichwa kupiga mswaki.

Ijumaa alirudi. Bafu lilikuwa limepigwa sifongo, ukuta mzima unang'aa, bila msalaba hata mmoja. Aligonga kile cha juu ya beseni. Kikalia vilevile.

"Kuna mhuni alituchafulia ukuta," Miodrag akasema, akimpa fomu na kalamu. "Tumeshasafisha, dada. Weka saini tu hapo."

Kwenye safu ya kazi iliyorudiwa palikuwa na sifuri, nzuri, ya mviringo. Chini yake mstari wa saini, aliouchora yeye mwenyewe miaka mitatu iliyopita. Penseli ya Sveta ilikuwa mfukoni. Fomu ilitaka kalamu ya wino.

Akaweka saini.